KUJITOA NA KUJITOLEA: SOMO KWA WANAOTAKA KWENDA UGENINI



Muhula uliopita wanachama watatu wa chama chetu walikuja ofisini kwangu, kila mmoja kwa siku yake, wakaniomba niwaandikie barua ya mapendekezo. Wote watatu wako Kidato cha Nne, na wanatamani wakishamaliza mtihani waende kujitolea katika miradi ya maendeleo vijijini, nchi za nje. Wa kwanza alitaja Malawi. Wa pili alitaja Nepal. Wa tatu akasema popote pale, mradi apande ndege. Huyo wa tatu angalau alikuwa mkweli.

Mmoja wao, sitamtaja, alikuwa tayari ameandika maombi yake kwa Kiswahili sanifu chenye kupendeza. Alisema nia yake ni kwenda kuwasaidia watu wa vijijini katika nchi za mbali "ili nao waendelee kama sisi". Nilicheka kidogo, maana nyumbani kwao nakujua, na maji bado wanateka mtoni. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni kwa sababu nilikumbuka jambo moja la utotoni mwangu ambalo halichekeshi hata kidogo. Barua nitaziandika. Lakini kabla sijatia sahihi, nataka tusome somo hili pamoja, wao na nyinyi wengine mtakaofuata njia hiyo hiyo.

Sisi ni chama cha Kiswahili na hatuwezi kukutana na neno njiani tukalipita bila kulisalimu. Kwa hivyo tuanze na sarufi kidogo.

Chukua kitenzi toa. Ukikitilia kiambishi cha kujirejea, -ji-, unapata jitoa. Ukikiingiza katika kauli ya kutendea unapata jitolea. Tofauti ni silabi moja tu, -le-, lakini lo! maana zake ni kama mbingu na ardhi. Aghalabu tukisema fulani amejitoa, tuna maana kwamba ameondoka: amejitoa katika mashindano, amejitoa katika chama cha kuweka akiba. Tukisema amejitolea, tuna maana kwamba ametia nguvu zake mahali kwa hiari yake bila kudai mshahara. Tena kauli ya kutendea huwa na swali tumboni mwake. Umepika; umempikia nani? Umelima, umemlimia nani? Basi na wewe uliyejitolea utaulizwa vivyo hivyo: kwa ajili ya nani?

Neno la pili ni endelevu. Siku hizi hakuna mradi usioitwa endelevu, hata wa kufuga kuku sita. Umaarufu wa wazo hili ulitokana hasa na ripoti ya mwaka 1987 ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bi. Gro Harlem Brundtland wa Norway. Tume hiyo ilieleza kwamba maendeleo ya aina hii hukidhi haja za watu wa leo bila kuwanyima watu wa kesho uwezo wa kukidhi zao. Mwaka 2015 mataifa yakakubaliana juu ya Malengo ya Maendeleo Endelevu, malengo 17, yatimizwe kufikia mwaka 2030. Hayo mmeyasoma katika somo la Jiografia. Lakini mwanafunzi wa sarufi hana haja ya kungoja tume. Neno lenyewe linajieleza. Tulia hutoa tulivu, vumilia hutoa vumilivu, sikia hutoa sikivu, legea hutoa legevu. Endelea ikatoa endelevu. Maneno haya hutaja tabia, hayataji tendo la mara moja. Mwanafunzi mtulivu ni yule ambaye utulivu ni tabia yake, si yule anayetulia kwa sababu mwalimu mkuu amepita dirishani. Vivyo hivyo, mradi endelevu si ule unaokwenda vizuri wageni wakiwapo na kamera zao. Ni ule ambao kuendelea ni tabia yake, wageni wawepo wasiwepo.

Hapo sasa ndipo ninapoingia kwenye habari yangu.

Nilipokuwa Kidato cha Pili nilirudi nyumbani Ukambani likizo ya Agosti, nikakuta kijiji kizima kimechangamka. Wageni kumi na wawili walikuwa wamekuja kutoka ng'ambo, vijana wa umri wa miaka 19 hivi, na kiongozi wao mmoja mwenye ndevu. Walikuwa wamekuja kujitolea kwa majuma matatu watuwekee pampu ya mkono kwenye kisima. Kwetu ni nchi kavu. Mto hupita maji miezi michache tu, na kiangazi akina mama huchimba mchanga wa mtoni kwa mikono mpaka maji yatokee, kisha huteka kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, hadi mtungi ujae. Kwa hivyo pampu haikuwa jambo la mzaha. Watu walifurahi kwelikweli, na mimi nilifurahi kuliko wote kwa sababu nilifanywa mkalimani. Katika vijana waliokuwa nyumbani likizo ile mimi ndiye niliyesifika kwa Kiingereza. Nilivaa sare ya shule kila siku, hata tai, jua likiwaka namna ile.

Wale vijana hawakuwa wabaya. Nataka hili lieleweke. Waliamka mapema, walibeba mawe, walichubuka mikono, walikula muthokoi wetu bila kukunja uso, isipokuwa mmoja. Pampu yenyewe ilikuja imefungwa ndani ya sanduku la mbao, vyuma vyake vyote vikiwa vimetoka kwao. Waliifunga wenyewe pamoja na yule kiongozi wao, nasi tukisimama kando tunatazama na kushangilia.

Siku ya mwisho kukawa na baraza chini ya mwarobaini. Naibu chifu alikuwepo, mchungaji alikuwepo, mbuzi alikuwa keshachinjwa. Hotuba zilikwenda mpaka watu wakaanza kusinzia. Kisha akasimama nyanya mmoja, jirani yetu, ambaye sote tulimwita Susu, kama Wakamba tunavyomwita bibi mzaa mama au baba. Hakusoma hata siku moja. Akaegemea fimbo yake, akaniambia niwaulize wageni wake swali. Akasema: "Chuma hiki kikivunjika, tutamwita nani? Atakuja kwa pesa za nani? Na ufunguo wa kukifungulia utabaki na nani?"

Nikaona haya. Nikajiambia, ah, Susu naye! Watu wametoka mbali namna hii, wametufanyia wema, halafu yeye anaanza kuwauliza habari ya kuvunjika kabla hata chuma hakijatumika. Wataona hatuna shukrani. Basi nikageuka kwa wageni, nikasema kwa Kiingereza changu cha kuringia: "Anasema amefurahi sana na anamwomba Mungu awabariki." Wakapiga makofi. Msichana mmoja akaja akamkumbatia Susu, huku machozi yanamlengalenga.

Susu alikumbatiwa akiwa amesimama wima kama mlingoti. Kisha akaniuliza, "Wamesema nini?"

Nikamwambia, "Wamesema usijali, watashughulikia."

Yaani nilidanganya mara mbili katika dakika moja, tena kwa lugha mbili.

Pampu ilifanya kazi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Halafu mpini ukawa unapanda na kushuka vizuri tu, lakini maji hayatoki. Fundi wa baiskeli aliletwa, akazunguka mara tatu, akasema nati zile hazina spana yake katika soko letu lote. Baadaye tulikuja kujua kwamba zilikuwa zimechakaa raba za ndani, vitu vya bei ndogo tu, lakini raba za namna ile zilikuwa huko ilikotoka pampu. Barua iliandikwa. Jibu halikuja. Akina mama wakarudi mtoni kuchimba mchanga. Mwanakijiji hakuna aliyenilaumu, maana Kiingereza hawakukijua. Ila Susu aliniita likizo moja nikiwa Kidato cha Nne, akanipa ndizi, akaniuliza polepole, "Mwanangu, siku ile, maneno yangu uliyafikisha yote?"

Sikumjibu. Ndizi ile nakumbuka sikuimaliza.

Sasa mtaniuliza: Mwalimu, je, wale wageni wangefanya nini hata kama wangesikia? Hilo ni swali zuri. Pengine yule mwenye ndevu angesema "hatukufikiria". Pengine angetuachia spana. Pengine angeahirisha safari wiki moja afundishe watu watatu kuifungua na kuifunga. Jambo moja ni hakika: asingeweza kujibu swali ambalo hakulisikia.

Historia ya watu kwenda kujitolea ugenini inaonyesha kwamba wenye busara waligundua jambo hili mapema. Mwaka 1958 huko Uingereza, Alec Dickson na mkewe Mora walianzisha shirika la VSO, na wa kwanza kupelekwa walikuwa vijana wa miaka 18 waliomaliza shule tu, kama nyinyi. Baada ya miaka michache shirika likaanza kutafuta watu wenye taaluma: walimu, wauguzi, mafundi. Nchi zilizowapokea zilitaka ujuzi, na moyo mwema peke yake haukutosha. Tarehe 1 Machi 1961 Rais John F. Kennedy wa Marekani naye alitia sahihi amri ya kuanzisha Peace Corps, na mwaka huo huo kundi la kwanza likaenda Ghana na Tanganyika. Wale wa Ghana walipotua Accra waliimba wimbo kwa Kitwi, lugha ya wenyeji. Wengine wanaona kuimba kule kulikuwa maonyesho tu. Mimi naona mtu aliyejisumbua kujifunza wimbo mzima kwa lugha ya mwenyeji kabla hajashuka kwenye ndege, huyo ameanza vizuri. Peace Corps iliweka muda wa miaka miwili, na kabla ya hiyo miaka miwili miezi kadhaa ya mafunzo, lugha ikiwa mbele. Wajapani wakafuata mwaka 1965. Umoja wa Mataifa ukaanzisha mpango wake mwaka 1970.

Na msidhani ni Wazungu na Wajapani tu. Umoja wa Afrika una kikosi chake cha vijana wa kujitolea tangu mwaka 2010, ambapo kijana wa nchi moja ya Afrika hutumika mwaka mzima katika nchi nyingine. Hata VSO ilipofungua mlango wa kuwatuma Wakenya na majirani zao nje, tawi hilo la Nairobi liliitwa kwa Kiswahili, Jitolee. Ile silabi yetu -le- ilikuwamo.

Lakini miaka ya karibuni kumezuka biashara nyingine, ya safari za majuma mawili matatu, ambapo kijana hulipa kampuni ya usafiri pesa nyingi apelekwe kijijini kujenga. Kujenga kwenyewe hajui. Mwaka 2014 mwandishi mmoja wa Marekani alieleza jinsi alivyokwenda Tanzania na wanafunzi wenzake wa sekondari kujenga maktaba. Mchana walipanga matofali kwa bidii. Usiku, wao wakiwa wamelala, mafundi wa pale walibomoa ukuta uliopinda na kuujenga upya, ili asubuhi wageni wasitambue. Aligundua baadaye. Hebu fikiria wale mafundi, kibarua kinafanyika mara mbili, usiku, kwa taa, kwa sababu ya adabu! Ni adabu ile ile iliyonifanya mimi nimbadilishie Susu maneno. Sisi watu wa vijijini tuna ugonjwa huu wa kumstahi mgeni mpaka tunamdanganya. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi humpa jembe kweli, lakini haturuhusu mtu amwambie kwamba analishika vibaya.

Nia njema hata ikiwa na pesa nyingi haiponyi jambo hili. Huko Afrika Kusini ilibuniwa pampu inayoendeshwa na bembea ya kuzunguka: watoto wanacheza, bembea inazunguka, maji yanapanda kwenye tangi. Wazo tamu kama asali! Mwaka 2006 huko New York ilitangazwa ahadi ya dola milioni 16.4, na lengo lilikuwa pampu 4,000 katika nchi za Afrika kufikia mwaka 2010. Lengo halikutimia. Watoto huchoka, tena huenda shule, na mara nyingi ikawa ni akina mama wazima, hata nyanya, wanaoisukuma ile bembea kwa mikono. Ikiharibika, mwanakijiji hakuweza kuifungua mwenyewe. Ilibidi angoje fundi kutoka mbali. Gazeti moja la Uingereza, The Guardian, lilipiga hesabu mwaka 2009 likaona kwamba ili kutimiza maji yaliyoahidiwa watoto wangehitaji kucheza saa 27 kwa siku. Mwalimu wa Hisabati atawathibitishia kwamba siku haina saa hizo.

Na si bembea tu. Takwimu zilizokusanywa kutoka nchi 20 za Afrika mwaka 2009 zilionyesha kwamba kwa wastani asilimia 36 ya pampu za mkono zilikuwa hazifanyi kazi. Zaidi ya pampu moja katika kila tatu! Kila moja ya hizo ilikuwa na siku yake ya baraza na mbuzi wake.

Linganisha na kilichofanyika hapa hapa Kenya, pwani ya kusini, wilaya ya Kwale kama ilivyoitwa wakati huo, katika miaka ya 1980. Huko, na Malawi pia, ndiko ilikojaribiwa na kurekebishwa pampu iitwayo Afridev. Wahandisi wa nje walikuwepo, pesa za nje zilikuwepo, lakini swali lililotangulizwa lilikuwa lile la Susu. Kikivunjika? Kwa hivyo wakaunda pampu ambayo nati zake zote hufunguliwa kwa spana moja. Sehemu za ndani zinazochakaa huvutwa juu kupitia bomba lenyewe, bila kung'oa mabomba yote kutoka kisimani na bila kuita lori lenye winchi. Michoro yake haikufungiwa kabatini na mtu yeyote. Kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza. Hali kadhalika huko Kwale wanawake wa vijijini walifundishwa kuitunza na kuifungua, wakaunda kamati za visima na kuchanga pesa kidogo kidogo za vipuri. Kuna wanaume waliocheka waliposikia mwanamke anashika spana. Hao walicheka wakiwa na kiu.

Hata hivyo nisije nikawafanya mfikiri kwamba kazi ni ya spana peke yake. Kuna jambo gumu zaidi, nalo ni pale mgeni anaposikia maneno yote, anajua lugha, ana ujuzi, na bado haelewi. Mmarekani Mike Tidwell alijitolea kwa miaka miwili, kuanzia mwaka 1985, katika eneo la Kalambayi, jimbo la Kasai, nchi iliyoitwa Zaire wakati ule na sasa ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Alijifunza Kiluba cha Kasai, akafundisha watu kufuga samaki aina ya tilapia katika mabwawa. Baadaye aliandika kitabu, The Ponds of Kalambayi, kilichotoka mwaka 1990. Chifu mmoja alichimba bwawa lake kwa sepetu, udongo mwingi ajabu, siku baada ya siku. Akalisha samaki miezi na miezi. Siku ya kuvua ikafika. Ndugu, jamaa na majirani wakaja na masufuria, na chifu akaanza kugawa. Akagawa, akagawa, akagawa. Yule kijana aliwaka kwa hasira. Alikuwa amepiga hesabu ya faida, akaona mradi wake unaliwa mbele ya macho yake. Kwake yeye, samaki wale walikuwa mtaji. Ilimchukua muda kutambua kwamba chifu hakuwa mjinga wa hesabu. Alikuwa anapiga hesabu nyingine. Mahali pasipo na benki wala bima, anayegawa leo ndiye atakayegawiwa kesho akiugua, na samaki aliyeingia tumboni mwa mpwa wako hajapotea. Tidwell alikubali mwishoni kwamba kitu alichotaka kukiondoa ndicho kilichowafanya watu wale waishi.

Mimi sisemi kila desturi ya kijijini ni nzuri. Kuna mambo kwetu ambayo ningefurahi mgeni ayakemee. Lakini mgeni wa majuma matatu hana njia ya kujua lipi ni ukuta na lipi ni nguzo.

Halafu kuna mkondo wa pili ambao vijana wetu hawaufikirii, nao ni kwamba mwanakijiji mwenyewe anaweza kuwa ndiye anayesafiri. Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kuna chuo kiitwacho Barefoot College kilichoanzishwa na Bunker Roy mwaka 1972. Chuo hicho huwaita akina mama wa vijijini kutoka nchi mbalimbali, Afrika ikiwamo. Wengi wao ni nyanya wenye wajukuu, na wengi hawajui kusoma. Hukaa miezi sita wakijifunza kuunda na kutengeneza taa za sola. Lugha hawaelewani, kwa hivyo hufundishwa kwa rangi, kwa ishara na kwa vitendo: waya mwekundu hapa, wa kijani pale, tazama, rudia. Wakirudi kwao hufunga taa kijijini na kuzitunza. Kabla ya mama kuondoka kijiji huunda kamati, na watu hukubaliana kuchanga kila mwezi pesa za matengenezo, kwa kadiri ya zile walizokuwa wakinunulia mafuta ya taa. Wazo hili limefika hata Unguja, ambako kuna chuo cha namna hiyo huko Kinyasini. Na kwa nini nyanya, wala si kijana? Bunker Roy hulijibu bila kuficha: ukimpa kijana cheti, kesho yake amepanda basi kwenda mjini kutafuta kazi. Nyanya hupanda basi la kurudi nyumbani. (Msinikasirikie, vijana. Mimi mwenyewe nilipopata cheti nilipanda basi hilo hilo.)

Na sisi je, tuna nini cha kupeleka nje? Tunacho. Machakos na Kitui, watu hukusanyika katika vikundi vya mwethya, yaani kusaidiana kazi kwa zamu bila malipo, wakachimba makingamaji ya kuzuia mmomonyoko. Makingamaji ya aina moja, ambayo udongo hutupwa upande wa juu wa mtaro, yanaitwa fanya juu. Jina hilo la Kiswahili limeingia katika vitabu vya kuhifadhi udongo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Mhandisi wa nchi ya mbali anaweza kulitamka "fanya juu" bila kujua kwamba ni maneno mawili ya kawaida yanayoweza kusemwa na mtoto. Kwa hivyo mwanachama wangu anayekwenda Malawi, akikuta mteremko umekatika, ana la kusema. Ila awaulize kwanza wenyeji udongo wao hukaaje mvua ikinyesha, na wao wamejaribu nini.

Naam, nirudi kwenye barua zile tatu. Sitaandika kwamba mwombaji ana moyo wa huruma. Huruma sijui namna ya kuipima. Nitaandika kile ninachokijua: anaweza kufanya kazi gani kwa mikono yake, ambayo huko anakokwenda haiwezi kufanywa na mtu wa pale anayehitaji kibarua. Amejifunza maneno mangapi ya lugha ya huko. Kwa Malawi aanze na Kichewa. Atafurahi kuona ni lugha ya Kibantu na ngeli zake si ngeni. Kwa Nepal itabidi ajikaze. Atakaa muda gani. Na je, huwa anasikiliza mtu asiyesoma anapozungumza, au hugeuka kando? Hili la mwisho nimeshalichunguza, namwona mpishi wetu wa shule anavyosalimiwa na kila mmoja wao.

Mtataka kujua pampu yetu iliishia wapi. Ilikaa miaka kama jiwe la kaburi. Kisha kikundi cha akina mama, kile kile cha mwethya, kilichanga pesa na kuuza mbuzi, wakaing'oa na kuweka Afridev. Raba zake hununuliwa mjini, safari ya matatu na kurudi siku hiyo hiyo. Spana huwekwa na mweka hazina, ameifunga kwenye ncha ya leso yake, na usithubutu kumwomba akuazime ukafungulie baiskeli. Bomba la pampu ya zamani lilining'inizwa kwenye mti pale shule ya msingi likawa kengele. Linalia vizuri sana. Susu hakuiona hiyo Afridev. Alifariki mvua za mwaka uliotangulia.

ZOEZI

Mwanachama anayetaka nimtilie sahihi barua yake aniletee kwanza jibu la zoezi hili. Tafsiri maneno yafuatayo kwa Kiingereza, kama yalivyosemwa, bila kupunguza, bila kuongeza, na bila kutia sukari. Kisha tafuta mtu wa nchi unakotaka kwenda akufundishe kuyasema kwa lugha yake, nawe uyakariri:

"Chuma hiki kikivunjika, tutamwita nani? Atakuja kwa pesa za nani? Na ufunguo wa kukifungulia utabaki na nani?"